Amplifaya Iliyochelewa Kuamka

Wiki iliyopita tulimzika Makori, nyumbani kwake juu kidogo ya soko la Nyakoe. Vijana wa kukodisha vyombo walikuwa wamepanga spika nyeusi pande zote mbili za hema, kubwa kama kabati za nguo, na mmoja wao alizisimamia zote kwa simu yake huku amekaa juu ya kreti ya soda akitafuna muwa. Akigusa simu, wimbo unaanza papo hapo. Akigusa tena, unakatika. Watoto wa Makori walilia, wajukuu wakasoma wasifu wake kwa Kiingereza, na humo miaka yake yote ya bendi ikapewa nusu sentensi, kwamba pia alipenda muziki. Sikuhisi kitu. Nasema hivyo bila majivuno na bila aibu. Nimeshazoea kukaa matangani nikiwa mkavu, na wanaonijua hawaniulizi tena. Kilichonishughulisha ni yule kijana na simu yake. Nilitaka kumwambia kwamba vyombo vya marehemu huyu havikuamrishwa namna hiyo, kwamba ukiviwasha uliketi ukangoja mpaka vyenyewe vikubali. Lakini alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia, na mimi nilikuwa na uvivu wa kuinuka. Nikaacha.

Nilimfahamu Makori mwaka niliokuwa na miaka ishirini na miwili. Mwanzoni mwa mwaka huo mume wangu alipata lifti kwenye lori la majani chai, lori likapinduka kwenye kona yenye matope, akafa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Moraa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Siku ya mazishi, kule kwao upande wa Nyamira, wanawake waliingia langoni wakipiga mayowe kama desturi yetu inavyotaka, na mama mkwe wangu aliwapita wote. Alilia mpaka sauti ikaisha, akaendelea kulia bila sauti. Mimi nilisimama kando ya jeneza nimemshika mtoto mkono, nikitazama msumari mmoja ambao seremala hakuupigilia ukaingia wote. Hilo ndilo ninalokumbuka. Watu walinitazama wakingoja, nikaona wananitazama, na hakuna kilichokuja. Baada ya mazishi maneno yakaanza, na unajua tena, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mvua za masika zilipokaribia, mama mkwe aliniita jikoni akaniambia bila kupandisha sauti: "Nenda kwenu ukapumzike. Mtoto atabaki. Mwanamke asiyemlilia mumewe hatamlilia mtoto huyu akiugua." Wazee wa ukoo wangekaa mwisho wa mwaka, baada ya mavuno ya wimbi, waamue Moraa alelewe wapi. Nikafunga nguo zangu kwenye leso, nikaondoka.

Nilikwenda Nyakoe kwa mama mdogo Nyaboke, aliyekuwa na hoteli ya mabati pembeni mwa soko. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mdogo hakungoja hata hiyo ya tatu. Asubuhi ya pili nilikuwa nakanda mandazi. Hoteli ilikuwa na chumba cha mbele chenye benchi na meza ndefu, jiko lenye moshi katikati, na chumba cha nyuma kilichojaa magunia ya sukari na vyombo vya bendi ya Makori. Nililala humo humo, godoro langu likiwa katikati ya spika mbili za mbao ambazo seremala wa pale sokoni alizitengeneza ndefu na nyembamba, kila moja ina vinywa vinne vilivyofunikwa kwa kitambaa cha gunia. Kulikuwa na honi mbili za bati za kupaza sauti mbali, na maikrofoni moja nzito ya chuma ambayo swichi yake ilikuwa imevunjika, ikawa haizimiki. Na kulikuwa na amplifaya. Lilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijivu, zito la kubebwa na watu wawili, na juu yake zilichomoza valvu, zile taa ndogo za kioo, ambazo zilianza kuwaka rangi ya chungwa polepole sana. Hapakuwa na sauti kabla hazijapata joto. Tena moja kati ya hizo ilikuwa imelegea tunduni, na siku za baridi ilishika pale tu chuma kilipopata joto na kutanuka. Uliwasha, ukasema moja mbili moja mbili, kukawa kimya. Ukaenda ukanywa chai, ukarudi, ukakuta inanguruma. Makori aliipenda kuliko ng'ombe. "Haijakufa," aliwaambia watu kwa Kiswahili chake cha jukwaani walipoanza kunung'unika. "Iko tu na usingizi. Hata nyinyi muamshwe na baridi hii tuone."

Ukuta kati ya jiko na chumba changu ulikuwa wa mbao zilizoachana, na wanawake waliokuja kuchambua mboga za managu pamoja na mama mdogo hawakujali kama nimelala au niko macho. "Ni yule?" mmoja aliuliza siku moja. "Ni yule," mama mdogo akasema. "Na kweli hakulia?" "Kila mtu ana namna yake." "Namna gani hiyo? Hata kuku akifiwa na kifaranga utamsikia." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mama mdogo akawaambia kwamba usiku nilikuwa namlilia mtoto wangu, kwamba alinisikia kwa masikio yake, na kwamba wazee wasiponirudishia huyo mtoto nitakufa. Huo ulikuwa uongo mtupu, wa kunitetea. Nililala usiku kucha bila kugeuka. Lakini aliyeniuliza nilimjibu vivyo hivyo, namtaka mtoto wangu, na niliona jinsi nyuso zao zilivyotulia nikisema hivyo, kwa hiyo nikaendelea kusema. Leo najua wapo watu wengi wanaoishi miezi namna ile, wanakula na kufanya kazi na kujibu salamu. Wakati huo nilifikiri ni mimi peke yangu, na kwamba ni ubaya niliozaliwa nao.

Bendi ilikuwa ya watu wanne. Makori alipiga gitaa, mpwa wake akapiga ngoma, kulikuwa na mwimbaji ambaye alitoroka kabla sijamzoea, na kulikuwa na mzee Ombati, mpiga obokano. Asiyeijua obokano afikirie kinubi kikubwa cha nyuzi nane, bakuli lake pana kama karai la kufulia, limewambwa ngozi ya ng'ombe. Ikipigwa vizuri inanguruma mpaka tumboni. Bendi nyingine zilikuwa na gitaa la besi, Makori alikuwa na Ombati. Watu walimwambia amwache kwa sababu masikio ya mzee yalikuwa yanaziba. Alikuwa amebakiwa na kusikia kidogo upande wa kushoto, na njia yake ya kupiga ilikuwa ni kukaa kwenye kigoda na kuegemeza mgongo kwenye spika ya mbao, akapokea muziki kwa uti wa mgongo. Maikrofoni ilifungwa kwa mpira wa tyubu kwenye mguu wa kigoda kingine, mbele ya ngozi, ikisogezwa kidogo tu inapiga mluzi wa kuwatoboa watu masikio, na yeye peke yake hakukunja uso. "Sikio la kufa halisikii dawa," alijisema mwenyewe, akacheka. Tatizo lake lilikuwa ngozi. Milima yetu ina unyevu, ngozi hulegea, na wapigaji wote huipasha kwenye moto. Ombati aligundua kwamba joto la amplifaya lilitosha, kwa hiyo kabla ya kila shughuli aliilaza obokano kifudifudi juu ya zile valvu, juu ya vipande viwili vya mbao, akakaa kando akiigonga kwa kidole mpaka ikaze.

Mimi niliingia kuimba kwa sababu ya mandazi. Makori alinisikia nikiitisha kutoka chumba cha mbele, chai mbili, mandazi manne, andazi moja la mtoto, akasema sauti ile inafika barabarani bila waya. Mama mdogo akamwambia anichukue, afadhali niende na bendi kuliko kukaa nikitazama unga. Nikajifunza nyimbo zao upesi, za harusi na za kuwasifu watu, na sikukosea maneno. Makori alikuwa mpole lakini ulimi wake ulikuwa na pilipili. "Kerubo, sauti unayo," aliniambia baada ya shughuli ya kwanza. "Lakini unaimba kama mtu anayesoma bei ya sabuni." Nikamuuliza anataka niimbeje. Akafikiri, akasema, "Basi imba hivyo hivyo. Wengine wakilewa watadhani ni maringo." Siku nyingine angepiga gitaa lake bila kuchomeka waya, jikoni, wakati mama mdogo anasonga obokima, ugali wetu wa wimbi, na mimi ningepokea bila kuambiwa. Zilikuwa jioni nzuri, nadhani. Najua zilikuwa nzuri kwa sababu wengine walisema hivyo.

Mara moja tu katika miezi hiyo nilikwenda kumwona Moraa. Mama mkwe alinipa kigoda uani na uji kwenye kibuyu, akanihudumia kama mgeni, na Moraa akasimama nyuma ya sketi yake akinichungulia. Alikuwa amejifunza maneno mapya. Alimwuliza bibi yake, "Nani?" Bibi akasema, "Mama yako." Moraa akarudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi, kisha akaenda kuwafukuza kuku. Nilimaliza uji, nikashukuru, nikaondoka. Njiani nilijipima kama unavyougusa ufizi baada ya jino kung'olewa, nikaona hapaumi. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Kisha Makori akaalikwa kupiga kwenye harusi moja ya Wakatoliki, kwenye uwanja wa shule ya msingi, na shule ile ilikuwa juu ya mgongo wa mlima unaotazamana na kwa mama mkwe wangu. Katikati palikuwa na bonde tu, chai ng'ambo hii, chai ng'ambo ile, na mto mdogo chini. Ukisimama langoni mwa shule ungeweza kuhesabu migomba yao. Mama mdogo hakutaka niende. "Wakwe zako ni Wasabato," alisema, "wakikusikia unaimbia watu wanaokunywa, mwisho wa mwaka hata kukaa na wazee hutakaa." Makori naye alisema hana mwimbaji mwingine, na kwamba hakuna amri inayosema mjane asile kwa jasho lake. Wakabishana mbele yangu kama wawili wanaogombania kiti kitupu. Mimi nilisema nitakwenda. Hawakuniuliza kwa nini.

Ilikuwa Jumapili ya baridi, na ukungu ulikataa kuondoka. Tulifika maharusi wakiwa bado kanisani. Tukaweka jenereta nyuma ya darasa, tukafunga honi mbili juu ya mkalitusi kwenye ukingo wa uwanja, zikielekea bondeni, kwa sababu bwana harusi alitaka milima yote ijue anaoa. Makori akawasha amplifaya, akasema moja mbili, kimya. Akalipiga sanduku kofi la upendo. Kimya. Akasema ipewe nafasi, na wote wakaenda jikoni kwa mwenye shughuli kula wali, isipokuwa mzee Ombati, ambaye ngozi yake ilikuwa imelegea vibaya, na mimi, kwa sababu sikuwa na njaa. Mzee akalaza obokano yake juu ya valvu. Tukakaa, yeye kwenye kigoda chake, mimi kwenye kile kingine, maikrofoni ikiwa imefungwa kwenye mguu wa kigoda hicho, jenereta ikilia nyuma yetu.

"Ni pale?" aliuliza, akionyesha ng'ambo kwa kidevu. Tulizungumza Kigusii, lugha ya kila mtu katika milima ile.

"Ni pale, tata," nikamjibu, maana mzee wa umri ule tunamwita baba.

"Sema kwa nguvu."

"Ni pale!"

Akagonga ngozi, ikatoa sauti ya maji. "Watu wanasema hukulia. Mimi sikuwahi kukuuliza. Sasa nakuuliza, kwa sababu ngozi haijakauka na hatuna kazi nyingine."

Pengine ningemjibu kama nilivyowajibu wengine. Lakini huwezi kumnong'onezea uongo kiziwi. Inabidi uupige kelele, na uongo ukipigiwa kelele unakuchosha. Nikainama karibu na sikio lake la kushoto, nikapaza sauti. Nikamwambia kwamba sikulia kwa sababu sikuhisi kitu. Nikamwambia kwamba hospitalini nilimwosha mume wangu mwenyewe, kuanzia kichwani hadi miguuni, na nilipomaliza mikono yangu ikawa imekufa, na haijafufuka, nashika sufuria, nashika unga, nashika mtu, yote sawa. "Nasema namtaka mtoto," nikampigia kelele, "lakini sijui kama namtaka, tata! Ninasema kwa sababu watu wanataka nimtake! Nilimwona, na sikuhisi kitu! Naogopa nikimbeba atajua amebebwa na gogo!"

Nilisikia mwanamke akisema gogo, mbali, ng'ambo ya bonde. Nikadhani kuna mtu anapita kwenye chai. Kisha nikamwona Makori akikimbia kutoka jikoni na sahani ya wali mkononi, mdomo wazi, na nyuma yake watu wamesimama mlangoni. Nikatazama chini. Valvu zote zilikuwa zinawaka. Mzee Ombati aliinua obokano yake, akaigonga, na honi mbili zikapeleka mngurumo ule mlima wote. "Sasa imekaza," alisema, ameridhika. Hakuwa amesikia lolote isipokuwa mimi.

Niliona aibu. Hiyo niliihisi, nashuhudia, ilinipanda kutoka miguuni. Makori alinitazama, akatazama honi. Mtu yule ambaye hakukosa la kutania alifungua tu mpira wa tyubu na kunipa maikrofoni mkononi. Maharusi walifika, tukapiga, nikaimba nyimbo zote. Wanawake wa harusi walicheza wakiwa wamenipa ubavu, hakuna aliyenitazama usoni. Nilijua kwamba mambo ya wazee yamekwisha. Wangehitaji nini zaidi? Nilikuwa nimetoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe, kwa honi mbili.

Tulipopumzika, mpwa wa Makori alinigusa bega akanionyesha ua wa shule. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale, matope hadi magotini, na Moraa mgongoni amefungwa kwa shuka. Alikuwa ameshuka bonde lote na kulipanda. Hakutaka kuingia uwanjani penye pombe. Nikamfuata nyuma ya darasa, tukasimama karibu na jenereta, akaniashiria tusogee mbali nayo.

"Nimesikia," alisema. "Sisi sote tumesikia. Hata mchungaji."

"Nisamehe, mama."

"Hata sasa huhisi?"

"Hata sasa."

Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na nilimwogopa tangu siku nilipoolewa. "Kabla ya mumeo nilizika mwingine," alisema, "wa kwanza wangu, hajatembea. Siku ile nilipiga mayowe mpaka nikatapika. Ndani palikuwa kimya kabisa. Nililia kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa ananitazama."

Nikauliza swali ambalo mkaza mwana hapaswi kuuliza. "Na huyu wa juzi?"

"Na huyu." Alirekebisha shuka begani. "Nilikuchukia kwa sababu hukujisumbua kujifanya."

Moraa alikuwa ameamka, anatukodolea macho kwa zamu. Nikasema tena kwamba naogopa kumshika. Mama mkwe alipiga ulimi, kama alivyonifanyia zamani nilipochelewa kuteka maji. "Mtoto hajui unahisi nini. Anajua kama ameshiba na kama ni msafi. Anza na hayo. Hayo mengine yakija yatakukuta kazini, yasipokuja, mtoto atakuwa ameshakua." Akafungua fundo la shuka, akageuka ili nimpokee kutoka mgongoni mwake, na nilipompokea alibaki ameinama vile vile kidogo, kama mtu aliyetua kuni. Wazee aliahidi kuzungumza nao yeye. Kisha akashuka bondeni bila kuaga.

Tulirudi Nyakoe jua likiwa bado halijazama. Mama mdogo alituona, akaweka mwiko chini, akatupisha mlangoni. Nilimkalisha Moraa kwenye benchi la chumba cha mbele, nikachukua maji jikoni, nikamimina kwenye karai, nikapiga magoti, nikauingiza mguu wake mmoja humo. Akapiga yowe na kuuvuta. Maji yalikuwa moto mno, na mikono yangu, ambayo ilikuwa humo humo muda wote, haikuwa imeniambia. Nikaongeza maji baridi, nikamwomba mguu tena. Alinitazama kwanza, kisha akanipa.